Jina lako niliandika mimi

Papa,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Tangu tukuzike hapa kambini Nakivale mahindi yamekauka kabla ya kubeba, na jirani yetu Mama Furaha amehamia kwenye kiti chako, anakikalia kila asubuhi kana kwamba amekirithi. Nimemwacha. Sina nguvu ya kugombana.

Juzi nilikwenda Mbarara. Ile kampuni inayochimba dhahabu kwenye kilima chetu kule Kivu sasa inataka kusogea mpaka makaburini, alipolala Mama. Sheria inataka wenye ardhi waulizwe kwanza, hata sisi tuliokimbia, ndiyo maana wakili anayetutetea alituita kwenye ukumbi mmoja wa Kakoba, hukohuko mjini. Alitusomea barua mpaka wazee wakasinzia. Halafu akatuonyesha nakala ya karatasi ya zamani, akasema kampuni inadai tulikwisha kubali, na mkuu wa ukoo alitia sahihi.

Nikaliona jina lako. Herufi kubwakubwa, zinapanda na kushuka.

Unaikumbuka siku ile? Wageni wa kampuni walileta kibuyu cha pombe ya ndizi, wakaomba kilima. Kwetu anayekunywa pombe ya mwomba ardhi amekubali. Anayeiacha amekataa, na haulizwi tena. Ulikaa mbele ya kile kibuyu tangu asubuhi mpaka jua likageuka, midomo imekukauka, na hukukigusa. Mlipoinuka na watu kutawanyika, karani wao akaomba jina lako, eti la kuonyesha tu kwamba ulifika. Hukujua kuandika. Ukaniita mimi, mwanafunzi wa darasa la tano, nikaja nikijivuna na kalamu yangu.

"Andika tu, mutoto wangu. Karatasi haina kinywa. Bote bameona sikukunywa."

Nikaandika. Baada ya mavuno mashine zikaja, nyuma yake wenye bunduki, nasi tukakimbia.

Huku watu wakasikia kuna karatasi yenye jina lako, wakakuita muuza kilima. Shemasi wetu, mtu wa kwetu kabisa, alihama benchi kanisani asikae nawe. Na kila walipokuuliza ulijibu neno moja tu: "Ni miye niliandika." Ulisema hivyo ili mimi nisisemwe. Nami nilinyamaza, Papa. Nilinyamaza mpaka ukafa. Naona aibu. Uchovu huu si wa jembe.

Basi pale Kakoba nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba mwandiko ule ni wangu, nilikuwa mtoto, na baba yangu alikataa. Wakili akanipa kalamu niliandike tena jina lako, alinganishe. Mkono ukazirudia herufi zile zile.

Wakili ameyaweka maneno yangu kwenye faili. Hakuniahidi kitu. Kampuni ina mawakili wake, na huenda Mama akafukuliwa hata hivyo. Sitakudanganya.

Shemasi alinifuata nje akilia, akaniomba msamaha. Nikamwambia akakuombe wewe. Atakuja kaburini Jumapili. Usimsamehe haraka, mwache asimame kidogo juani.

Mimi nitakwenda kila watakaponiita, Mbarara au kokote, na nitasema vile vile hata kama wamechoka kunisikia. Pumzika sasa, Papa. Ulikataa. Nilikuwepo, niliona.

Binti yako,
Neema