Paa Lisiloonekana

Jumatatu, 3 Machi
Kibao kimeletwa. Cha shaba, kinang'aa kama sufuria mpya. "Msanifu wa jengo" — halafu jina la Shemeji. Peke yake! Langu nimelikuta kwenye kijitabu cha wageni, ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, baada ya wapishi wa chai.

Ni nani aliyepanda ule mlima jua na mvua? Ni nani aliyesema kituo cha wageni tukizamishe ndani ya lava iliyoganda, kuta zijengwe kwa mawe yaleyale tuliyochimbua, paa litandikwe kokoto nyeusi na kurudishiwa vichaka vyake? Mgeni asione jengo, aone mlima tu. Mimi! Yeye alitaka vioo na nguzo nyeupe. Leo kawaambia waandishi wa habari wazo lilimjia bafuni.

Nilicheka na wenzangu. Meno nje, moyo unachemka.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa Dada, nimwambie mumewe kanifanyia nini. Alikuwa anapiga pasi shati la mumewe. Kaniambia ofisi si ni yake mwenyewe, mdogo wangu, utatuvunjia nyumba kwa ajili ya kibao? Mama akadakia kutoka jikoni kwamba mkwe wake hana baya na mtu. Kwa Mama, Shemeji hata akipiga chafya anastahili pongezi.

Sawa. Nimekunywa chai yao, nimeaga vizuri. Atanikoma.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Katikati ya paa kuna uwazi mkubwa, chini yake ndio ua wa kituo — hapo ndipo upepo na mwanga vinapoingilia, hatutumii feni hata moja. Kwenye michoro yangu uwazi ule umezungushiwa ukingo wa mawe, unafika kiunoni. Shemeji kaufuta! Eti unaharibu picha.

Nikasema mtu ataanguka. Ukiwa juu hujui mwamba umeishia wapi na paa limeanzia wapi, na ule uwazi huuoni mpaka uwe umeufikia. Kaniuliza nani atapanda paani, mbuzi? Wakacheka wote, hadi katibu muhtasi ambaye huwa hacheki.

Sisemi tena. Nimeshasema, wamesikia.

Jumatatu, 10 Machi
Loo! Kabadili mawazo. Siku ya ufunguzi wageni hawatapitia mlangoni. Watateremka kutoka mlimani, wavuke paa bila kujua, halafu yeye awageukie na kutangaza: mmesimama juu yake! Atatangulia mwenyewe.

Huyu hajawahi kukanyaga kule juu. Paa analijua kwenye kompyuta tu. Na Shemeji, kila mtu anajua, akieleza jambo hutembea kinyumenyume, asikose hata sura moja inayomtazama.

Fundi mkuu alikuwa amefunga kamba nyekundu kuzunguka uwazi. Ameamriwa aitoe, ya nini kamba kwenye picha. Akanijia nayo imeviringwa begani. "Dada, hii imekaaje? Si watu wataumia?"

Nikamwambia amuulize mwenye jina kwenye kibao. Akamuuliza, akafokewa mbele ya vibarua. Ile kamba akaniachia mimi.

Nimerudi nyumbani nikapika, nikala, nikaongeza. Hamu ya chakula imenirudia. Mungu anisamehe, sijisikii vibaya hata kidogo.

Ijumaa, 14 Machi
Nguo ya kesho nimeshaipiga pasi. Nitasimama uani, chini, karibu na tangi la maji ya mvua. Pale pazuri. Nitamwona vizuri.

Jumamosi, 15 Machi
Ufunguzi umekwisha.

Nilikuwa pale pale tangini, kikombe mkononi. Nikamsikia anakuja juu, sauti yake ile ya kwenye vipaza sauti. Mwamba ulivyo hai, jengo linavyopumua — maneno yangu, neno kwa neno! Nikasema moyoni, njoo. Njoo baba, njoo.

Visigino vikatokea. Kinyumenyume, kama nilivyojua. Kokoto zikaporomoka, moja ikadumbukia kwenye chai yangu. Halafu nikaona mtandio wa njano.

Mama! Kamshika Mama mikono yote miwili, anamvuta kwake taratibu kama bibi harusi, mbele ya wageni wote. Na Mama anacheka.

"Simama! Shemeji, simama hapo hapo!"

Sikujua nina sauti ile. Akaganda. Akachungulia nyuma, akanyauka uso.

Halafu — mtu huyu! — akacheka. Akawageukia: "Mnaona jamani? Limejificha hata kwangu mimi niliyelichora!"

Makofi. Wengine walipiga na vigelegele. Mama analia kwa furaha. Naye akanichungulia kule chini, akanikonyeza.

Nilipiga kelele kwa ajili ya Mama, si yake. Nataka hilo lieleweke, hata kama ni mimi tu ninayesoma hapa.

Jumapili, 16 Machi
Kapiga simu asubuhi. Kapata wazo jipya: tuweke ukingo wa mawe! Wa kiunoni! Nilimsikiliza mpaka mwisho. Anataka twende sasa hivi, nimwonyeshe uanzie wapi. Sisi wawili tu. Mafundi wamepumzika, Dada yuko na Mama, wanaangalia picha za jana.

Nikamwambia ukungu umeteremka, mlima wenyewe hauonekani. Kasema ndiyo vizuri, ana mengi ya kunieleza tukiwa njiani. Nisihofu, atatangulia yeye.

Kamba nyekundu iko hapa mezani. Begi liko wazi.

Anapiga honi. Kamba sijaitia.