Siku Wali Ulipozishinda Ndizi

Jumamosi, 14 Oktoba 1995. Lemara.

Asubuhi ilikuwa na ubaridi, lakini mlima ulikuwa wazi wote mpaka kwenye mawe ya juu. Jana jioni mvua ilinyunya kidogo na vumbi limetulia. Niliamka na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha ni kwamba kesho Aneth, mtoto wetu wa kwanza, anapata kipaimara. Hofu niieleze kwanza, ili iishe.

Wiki iliyopita tukiwa mezani, Baba Aneth alitangaza kwamba kwenye uchaguzi wa mwisho wa mwezi huu kura zote za nyumba hii zinakwenda sehemu moja. Tangu apunguzwe kazi kiwandani amekuwa mtu wa chama kipya, yeye na kaka yake, na wote wawili wameshaahidi kwa wenzao kwamba familia nzima iko nao. Kisha akanigeukia.

"Mama hajui kusoma. Utaingia naye wewe. Umshike mkono, uweke alama pale nitakapokuambia."

Nilisema sawa.

Mama anayemsema ni mama yake, mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Yeyo kama Waarusha wanavyomwita mama. Anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki. Alikuwa amekaa palepale akipoza uji wake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Hata mimi sikumuuliza. Ile "sawa" yangu imenisumbua wiki nzima.

Sikipingi chama kipya. Huenda hata mimi nitakichagua. Sijaamua. Kila nikikaa kwenye cherehani napima: nakumbuka foleni ya sabuni, nakumbuka pia kwamba zamani sikulipia kitanda nilipojifungua Aneth. Napima upande huu, napima upande ule. Ninachojua ni kwamba kupima huko ni kazi yangu, na Yeyo naye ana kupima kwake. Lakini kusema hivyo mbele ya mume wangu nilishindwa.

Wanawake walianza kufika mapema kumenya ndizi. Mtaani kwetu ndivyo tunavyofanya, mwenye shughuli hamenyi peke yake. Kila mmoja anakuja na kisu chake na kigoda chake, tunapaka mafuta mikononi utomvu usitugande, tunazunguka mabeseni ya maji, na mdomo unafanya kazi kuliko kisu.

Mama Happy alikaa upande wa jikoni. Ni Mchaga mwenzangu, anauza mitumba, na kwa machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, hakuna anayemfikia mtaa huu. Tena ni chama kipya damu damu. Mama Zuhura alikaa upande wa geti. Wao ni watu wa Kondoa, waliwahi kukaa Levolosi kabla ya kuhamia huku. Mume wake ndiye anayechinja mbuzi kwenye shughuli zetu ili wageni wote, wa kanisani na wa msikitini, wale bila wasiwasi. Mama Zuhura alikuja amejifunga kanga ya chama cha zamani, kuanzia kichwani mpaka kiunoni.

"Karibu jirani," Mama Happy akamwambia. "Leo umevaa bendera kabisa. Tukusimamie wima?"

"Simameni. Na mkimaliza kusimama mkae vizuri mmenye, maana hao wa kwenu hata jiko hawajawahi kuwasha, wanataka kupika nchi nzima."

Kicheko. Hapo ndipo mjadala ulipowaka.

Mama Zuhura alisema sasa sukari ipo dukani siku yoyote unayotaka, nani kaileta kama si serikali? Mama Happy akamjibu kwamba sukari imeletwa na pochi yake mwenyewe, na kama ni shukrani basi aishukuru pochi. Mama Zuhura akasema amani. Tazameni majirani zetu walivyochinjana mwaka jana, mnataka tujaribujaribu? Mama Happy akasema amani si ya chama, ni ya watu wenye akili, na mtu mwenye njaa amani haimjazi tumbo. Wengine wakaingilia. Mmoja akasema ada ya shule. Mwingine akasema dawa hospitalini, sasa unanunua mpaka sindano. Mwingine akasema yeye atachagua aliye mzuri wa sura, maana wote wanasema maneno yaleyale. Huyo nusura apigwe maganda.

Nilikuwa nasikiliza na kumenya. Ghafla nikamwona Yeyo. Alikuwa na ndizi mkononi na kisu kimesimama. Kichwa chake kilikuwa kinamfuata kila aliyesema, huku na huku, kama mtu anayeangalia mnada wa ng'ombe na ana nia ya kununua.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyeambiwa nimshike mkono.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Jamani, kura yenyewe mnajua inavyopigwa?"

Wakanicheka. Mama Zuhura akasema yeye amepiga kura tangu mimi nikiwa darasa la kwanza. Picha moja ya rais, unasema ndiyo au hapana. Mbunge, unachagua jembe au nyumba. "Kuna nini cha kufundishwa?"

"Safari hii picha ni nyingi," nikamwambia. "Redio inasema kila siku. Tujaribu tuone."

Nilichukua daftari la zamani la Aneth, nikakata karatasi, zote sawa. Kwenye kila karatasi nikapiga mistari ya vyumba vinne, na kwenye kila chumba nikachora chakula: mkungu wa ndizi, sahani ya wali, ugali, na bakuli la makande. Nilisema kitakachoshinda ndicho tutakachopika kesho jioni, wageni wakishaondoka, chakula cha wapishi wenyewe. Mlangoni mwa stoo nikatundika kanga. Ndani nikaweka kalamu juu ya gunia. Sanduku likawa ndoo ya maji yenye mfuniko.

Mama Happy hapohapo akaanza kampeni. Ndizi! Wali ni chakula cha kununua, ndizi ni chakula cha nyumbani! Mama Zuhura akasimama na wali, kwamba wali ndio sherehe, na ndizi mnazila hata mkiwa wagonjwa. Nyumba yangu imejaa Wachaga, Wameru na Waarusha. Kelele za ndizi zilikuwa kubwa mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Baba Aneth alikuja kuona kuna nini. Alikuwa na kaka yake wakisimika nguzo za turubai. Nikamwambia naye achukue karatasi, na akaingia nyuma ya kanga huku anacheka.

Wote walipomaliza kupiga, Aneth akamwaga karatasi kwenye ungo na kuzisoma moja moja. Nilipoziona nikashika kichwa.

Zaidi ya nusu zilikuwa zimeharibika.

Wengi walikuwa wameweka alama ya vema kwenye chakula wanachokitaka, na kwenye vyumba vilivyobaki wamepiga alama ya kosa, kama mwalimu anayesahihisha. Mmoja aliweka vema kwa ndizi na kwa wali. Nilipouliza ni ya nani, mke wa mchungaji msaidizi akainua mkono polepole. "Wote wawili ni majirani zangu," akasema. "Nisije nikaonekana nabagua." Tulicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika.

Nikawaeleza. Kura ni alama moja tu. Ukigusa chumba cha pili, hata kwa kukikataa, karatasi inatupwa.

"Sasa wale wengine siwajibu?" Yeyo akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu asubuhi. "Zamani mtu mmoja amekuja, mimi namjibu, ndiyo ama hapana. Sasa wamekuja wengi. Nikinyamaza si ni dharau?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja alikuwa amewaza hivyohivyo, ila yeye ndiye aliyelisema.

"Ukimjibu mmoja ndiyo, Yeyo, wote wamejibiwa," nikamwambia.

Akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali. "Basi hiyo ni rahisi."

Aneth akainua karatasi moja iliyokuwa na alama kubwa za kosa, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Makande kosa, ugali kosa, wali kosa, ndizi vema. "Hii ni ya nani? Ina hasira!"

Baba Aneth alitazama turubai. Alitazama nguzo. Kaka yake akamwambia, "Ndugu yangu, hiyo si mistari uliyokuwa unapiga kiwandani?" Wanawake walipiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia. Mume wangu si mtu mbaya. Alicheka, alisugua kisogo, akasema kalamu ilikuwa nzito. Halafu akarudi kwenye nguzo zake haraka kuliko alivyokuja.

Tukapiga mara ya pili. Safari hii waliingia mmoja mmoja, taratibu, bila mzaha. Kila aliyetoka alikuwa na uso wa mtu anayetoka kwenye meza ya Bwana. Yeyo alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikunja karatasi yake ndogo, ndogo tena, akaitumbukiza kwenye ndoo na kuufunga mfuniko mwenyewe.

Hakuna hata moja iliyoharibika. Hata moja!

Na wali ukashinda. Tena kwa mbali.

Mama Happy alisimama na kisu mkononi. "Haiwezekani. Nimewasikia kwa masikio yangu! Mmepiga kelele za ndizi nyumba nzima! Nani kanisaliti?"

Kila mtu akainamia ndizi yake. Nyuso zilikuwa safi kama za watoto wa ubatizo. Mke wa mchungaji msaidizi alikuwa anamenya kwa bidii ya ajabu. Mama Zuhura mwenyewe alishangaa, maana alijua wazi kwamba wali ulikuwa na mtetezi mmoja tu.

"Mama Happy, tumemenya ndizi tangu asubuhi," sauti moja ikasema huko nyuma. "Tumechoka hata kuziona."

"Nani huyo?"

Visu viliendelea kumenya. Na hapo mama mmoja, mpole, ambaye mume wake anajulikana mtaani kwa ukali, akasema kama anajiambia mwenyewe:

"Kumbe unaweza kusema hivi nje, na ndani ukaweka vile. Na hakuna atakayejua."

Visu vilisimama.

Nilitazamana na Mama Zuhura, Mama Zuhura akatazamana na Mama Happy, na hao wawili, waliokuwa wanarushiana maneno mwezi mzima, wakaanza kucheka pamoja. Mama Happy alikaa chini akafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na mafuta. "Mama Zuhura," akasema, "wali wako utaupika wewe. Mimi nitaleta mbogamboga tu."

"Na utakula sahani mbili, nakujua."

Waliendelea kubishana vyama mpaka ndizi zikaisha. Sukari, ada, amani, vyote vilirudi mezani. Lakini ubishi ulikuwa umebadilika. Kila mmoja sasa alikuwa anamshawishi mwenzake, kwa sababu alijua kumlazimisha hakutafika nyuma ya ile kanga.

Jioni wageni wa mbali walikuwa bado hawajafika, tukala sisi wenyewe. Nilijua swali litakuja. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka utomvu. Baba Aneth alinawa, akakaa, akaniuliza kama nimeshamfundisha mama.

Nilifungua mdomo. Yeyo akanitangulia.

"Ero," akamwambia. Maana yake kijana, na ndivyo anavyomwita akitaka akumbuke kwamba aliwahi kuchunga mbuzi wake. "Amenifundisha. Picha naziona, macho yangu bado mazima. Nitaingia peke yangu."

Baba Aneth akasema, "Lakini Mama, tulishakubaliana."

"Nani na nani?"

Alinigeukia mimi, na nilijua sasa ni zamu yangu. Yeyo alikuwa ameufungua mlango na kuushikilia. Nikaweka kijiko chini.

"Na mimi nitaingia peke yangu," nikasema. "Ile sawa yangu ya wiki iliyopita naiondoa. Kama unataka kura yangu, niombe, niambie sababu, nitakusikiliza kama nilivyowasikiliza Mama Happy na Mama Zuhura."

Sauti yangu haikutetemeka. Naandika hapa ili nikumbuke: haikutetemeka.

Alitutazama, mama yake na mimi, akamtazama Aneth aliyekuwa amejificha nyuma ya kikombe cha chai akijizuia kucheka. Nilidhani atainuka. Badala yake akasema kaka yake atamcheka.

"Kaka yako ameona karatasi yako leo," Yeyo akasema. "Ameshacheka."

Hata Baba Aneth alishindwa kujizuia. Tulicheka wote. Baadaye, nilipokuwa nakusanya vyombo, alikuja jikoni na kuniuliza taratibu kama zile karatasi za vyumba vinne zimebaki. Alitaka kujaribu tena. Nilimpa tatu na kalamu nyepesi.

Kisha, alipomaliza, alianza kunieleza sababu zake, moja baada ya nyingine, kuhusu kiwanda, kuhusu mafao, kuhusu shule ya Aneth. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunieleza siasa. Huwa ananitangazia. Nyingine zilikuwa sababu nzuri sana. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia nitazipima.

Gauni jeupe la Aneth limepigwa pasi na kutundikwa. Ndizi ziko kwenye maji, mbuzi atachinjwa alfajiri, mchele wa kesho jioni Mama Zuhura ameshauchambua. Nasikia Yeyo chumbani kwake anaimba wimbo wa kanisani kwa Kimaasai, wimbo ambao huwa anauimba akishavuna.

Nitampigia nani kura? Usiku huu karibu najua. Lakini hata wewe, shajara yangu, sikuandikii.

Naenda kulala, ni saa tano na robo.