Sakafu ya Hoteli Kubwa

Mjukuu wangu Bakari,

Shikamoo yako imefika. Marahaba, mume wangu. Hapa Usagara tu wazima, ila mama yako kikohozi hakijamwacha, na mimi nimechoka tu. Umeuliza ile hoteli kubwa ya mjini ilikuwaje. Mimi nilikuwa nasugua sakafu yake ya mbao, mengine tuyaache.

Siku moja, uhuru umeshapatikana, msimamizi aliniruhusu nimwingize mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Ushongo, kwa mlango wa mbele. Mama akavua makubadhi yake mlangoni. Wageni wakageuka kutazama. Nikamnong'oneza, "Mama, vaa. Hapa watu wanaingia na viatu."

Akaniuliza, "Sakafu hii anaisugua nani?"

"Mimi."

"Basi waache wao."

Akaingia peku, taratibu, makubadhi mkononi.

Juzi nilipita pale. Milango imeng'olewa, mbao zimejaa vumbi. Nikataka niiname nivue viatu, magoti yakagoma. Nikasimama nje mpaka jua likanishinda, nikarudi nyumbani.

Ukija likizo twende sote. Viatu utanivua wewe.

Bibi yako,
Mwanaisha