Kidonda cha Shingoni Mwako, Bibi

Mpendwa bibi, mke wangu wa kwanza,

Kamwene. Najua huko uliko unaringa tu, umeniacha mgane kabla sijaota ndevu.

Nakumbuka nilivyokuja kwako Kalenga na shati jipya, nikakuta umejifunga kitenge shingoni na jua linawaka. Nikakutania kwamba unaficha alama za mchumba mwingine. Ukafungua. Shingoni palikuwa na uvimbe uliopasuka, kidonda kinatoa maji, wala hakiumi. Na mimi, niliyeishia kidato cha pili, muuza vipodozi ninayeitwa dokta soko zima la Mwanjelwa, Mbeya, kwa kujua kusoma maandishi ya kwenye tyubu, nikatazama mara moja tu nikatamka: fangasi.

Kila mwezi nikakutumia tyubu ya mafuta ya fangasi kwa basi. Kidonda kinanyauka, kinarudi, kinatoboa pembeni. Nesi wa zahanati alipokuambia uende mjini ukapimwe, ulimjibu kwamba mjukuu wako wa Mbeya ameshakutibu. Mwaka mzima ulimjibu hivyo, na mimi nikisikia, kichwa kinavimba.

Nilipokuja tena umekonda, ndipo nikakupeleka hospitali Iringa. Wakakata kipande cha ngozi, wakapima. Daktari akasema ni TB, imetoka kwenye tezi ikatokea ngozini. Ni nadra, ila vidonge vinaitibu. Nikabisha, TB si kukohoa? Akaitazama tyubu uliyokuja nayo. Akakugeukia wewe.

"Mama, haya mafuta yaliyouficha ugonjwa alikupa nani?"

"Nilinunua kwa mmachinga, mwanangu. Hata sura simkumbuki."

Nilikuwa nimesimama hapohapo, bibi. Mdomo huu usiopumzika ukauliza tu vidonge vinamezwa mara ngapi. Njiani nikakuuliza kwa nini umenificha. "Mume hatajwi mbele za watu," ukasema, ukasinzia begani kwangu.

Vidonge ulimeza, mkojo ukageuka rangi, ukacheka eti sasa unakojoa soda ya machungwa. Kidonda kikaanza kufunga. Lakini ugonjwa ulishashuka kifuani, na mwezi wa nne wa vidonge ukaondoka. Daktari alisema laiti tungewahi.

Siku hizi mteja akija na kidonda kisichopona simuuzii kitu, namwambia akapimwe. Wenzangu wananicheka, dokta kaogopa. Nimeogopa kweli.

Juzi nilirudi hospitali kumwambia daktari yule ukweli. Nikaambiwa ameshahama. Ndiyo maana naandika barua hii hadharani, asome kila mtu: mafuta yale niliyatuma mimi.

Pumzika, bibi. Safari hii usinitetee.

Mjukuu wako wa Mwanjelwa