Mukono wa Ilunga, Jina Langu

Nchelenge, Jumanne, Februari 1974. Mvua inanyesha tangu asubuhi. Shati langu limelowa, na roho yangu haina raha hata kidogo.

Wiki tatu zimepita tangu mashine ya kusaga barafu, kule kampuni ya samaki, iumize mukono wa kuume wa shemeji yangu Ilunga. Vidole vinne vimekwenda. Kimebaki gumba tu. Kampuni ikamupa pole na gunia la unga, ikaweka mutu mwingine kwenye mashine.

Leo nimekwenda biro ya kazi, ofisi ya serikali, kumuulizia haki yake. Karani ni mutu tunayeimba naye kwaya kanisani, amenipokea vizuri. Akanieleza polepole: mutu akiumia kazini, sheria inataka alipwe, na kama mukono haufai tena, alipwe kila mwezi. Si sadaka, alisema, ni haki yake. Nilifurahi mpaka nikasahau upumbavu wetu.

Kisha akashika kalamu. "Jina la mutu aliyeumia?"

Nikataja jina langu.

Ngoja nieleze. Ilunga alivuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Zaire, akamuoa dada yangu Albertina. Mimi nimezaliwa hapa, mama ndiye wa kule. Ilunga hana kitambulisho cha Zambia, na kampuni haiandiki mutu bila hicho. Basi nikamupa changu. Hapa ziwani tunaazimana majina kama tunavyoazimana baiskeli. Hakuna aliyeangalia picha. Mwaka mzima Ilunga aliitwa Mwape kule kazini, akapokea mushahara wa Mwape, hata akazoea kuitika. Nilicheka sana wakati ule.

Karani aliweka kalamu chini. Akaangalia mikono yangu, kwanza wa kuume, kisha wa kushoto. Akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu Mwape, daktari atataka kuona mukono. Utamuonyesha upi?" Akanipa fomu tupu, akaita mutu mwingine.

Nimeigeuza fomu hii sijui mara ngapi. Nikiandika Mwape, mukono wangu ni muzima. Nikiandika Ilunga, huyo hakuajiriwa pale hata siku moja, na polisi watamurudisha ng'ambo peke yake, mimi nifungwe. Nikinyamaza, Albertina na watoto wake watatu watakula nini? Mutu wa mukono mumoja nani atamupa kazi ya samaki?

Nilidhani namusaidia.

Najichukia leo, kweli najichukia. Sheria ipo, nzuri kabisa, imeandikwa kwa ajili ya mutu kama yeye. Ni mimi nilimufungia mulango, tena huku nacheka.

Jioni nilipita kwao kuwaambia. Sikuweza. Albertina alishasikia kwa majirani kwamba serikali inalipa, akanikaribisha kwa furaha, akaniwekea samaki mukubwa ambaye sikumugusa. Ilunga alikuwa ameketi kwenye mukeka na daftari la mutoto, anajifunza kuandika kwa mukono wa kushoto ili atie saini fomu mwenyewe. Akaniomba niangalie kama herufi zimekaa sawa.

Ukurasa mzima. Mwape, Mwape, Mwape.

Nikamwambia zimekaa sawa, nikaondoka kabla hajainua kichwa.