Kutembea Bila Ndoo

Jumanne, Iyula

Huyu wifi yangu ananitafuta. Muuguzi alisema ugonjwa huu wa kibofu nitaishi nao, ila nikitembea taratibu na kujinyoosha kila asubuhi, maumivu yatapungua. Vizito nisibebe.

Leo natembea zangu kando ya kahawa, naye akapaza sauti mbele ya wachumaji: "Mwanamke mzima anazurura bila jembe wala ndoo!" Wakacheka. Akanitwika ndoo ya maji. Nami, kwa aibu, nikaibeba mpaka nyumbani kwake.

Sasa kibofu kinawaka moto. Kila nikitoka chooni narudi. Naogopa hata kulala.

Kesho napita palepale mlangoni kwake, mikono mitupu. Akininyooshea ndoo, ataishika mwenyewe mpaka mkono umfe ganzi.