Mama Alipokwenda Kuingoja Amani Njiani

Kwako mama yangu mpenzi, uliyepumzika Maramba,

Shikamoo mama. Najua marahaba yako sitaisikia leo, lakini ulimi umezoea, na mimi sijataka kuukataza.

Unaukumbuka mwaka ule wa ukame, tulipoishi katika kambi ya mkonge karibu na Kigombe? Baba alikuwa mwinjilisti wa wafanyakazi waliotoka bara, na wewe ulikuwa mama wa kila mtoto aliyepita na kamasi puani. Pampu ya kambi iliharibika, wanawake wakaanza kwenda kuteka maji katika kisima cha kijiji. Wenyeji walitupokea vizuri. Ila maji yalivyozidi kupungua, maneno nayo yalizidi kuongezeka. Asubuhi moja mwanamke wa kambi na mwanamke wa kijiji waligombania ndoo, waume wakaitwa, fimbo zikatembea. Athumani wa kijijini akavunjika mkono. Petro wetu, mkata mkonge, akarudi na pengo mdomoni.

Tangu siku ile njia ikafa. Wachuuzi wa samaki hawakuja tena kambini, na sisi hatukuthubutu kwenda kijijini. Watoto tuliokuwa tukicheza rede pamoja tulizuiwa, kila mmoja upande wake. Kambini tulikunywa maji ya dimbwi, na mdogo wangu Yohana akaanza kuharisha hata macho yakazama. Wanaume nao walikuwa wananoa mapanga. Walisema ni ya kukatia mkonge, ingawa mkonge hukatwa kwa kisu, na hata mimi mtoto nililijua hilo.

Jioni baba alitusomea ahadi ya nabii Zekaria: kwamba Mungu ataurudishia uhai mji uliobomolewa, wazee wa kiume na wa kike waketi tena njiani na mikongojo yao, na njia zijae watoto wanaocheza.

"Lini, Baba Naomi?" uliuliza.

"Siku anayoijua Mungu. Kazi yetu ni kungoja."

"Sawa. Lakini kungoja nako, si lazima mtu angojee ndani."

Kesho yake ulimfunga Yohana mgongoni, ukachukua vigoda viwili na fungu la katani, ukanishika mkono. Baba alikuita kutoka mlangoni, uso umempauka. "Mama Naomi, wakikupiga je?"

"Basi utakuwa umepata mahubiri ya Jumapili!"

Uliketi katikati ya njia, kambi nyuma yetu, kijiji mbele. Kigoda cha pili ukakiweka kando yako, kitupu, ukaanza kusokota kamba. Mimi nilijibanza nyuma yako, mama. Vijana wa kijiji walikuja hadi karibu, wakakutazama, wakarudi. Jua likapanda. Mwishowe akaja Bi Mwanakombo, nyanya yake Athumani, yule kizee ambaye hata jumbe, mkuu wa kijiji, aliuogopa ulimi wake.

"Shikamoo bibi," ulimwambia.

"Marahaba. Weye mwanamke, njia hii ni ya babako hata uizibe?"

"Siizibi, bibi. Nangoja."

"Wangoja nini?"

"Amani. Nabii mmoja alisema ikija, wazee wataketi njiani na mikongojo yao, na watoto watacheza mbele yao. Watoto ninao, bibi. Mzee ndiye sina."

Alikukodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka hata akaushikilia mkongojo asianguke.

"Lo! Kumbe uzee wangu wote huu nilikuwa na kazi, na hapana mtu aliyenambia! Hebu sogeza hicho kigoda."

Akaketi. Ndipo akamwona Yohana mgongoni mwako, na kicheko kikakatika.

"Mtoto huyu mwamnywesha nini?"

"Maji ya dimbwi, bibi. Hatuna mengine."

Aliinua sauti mpaka kijiji kizima kikasikia: "Athumani! Niletee maji ya kisima, na madafu! Kwa huo mkono mzima uliobaki! Mtoto afa hapa, nanyi mwalinda ndoo!"

Athumani alikuja, mkono mmoja shingoni, mwingine umebeba. Alikukabidhi maji bila kuinua macho. Ukampokea kwa mikono miwili, ukamwambia, "Pole na mkono, mwanangu."

Watoto hawakuitwa na mtu. Waliiona ile kamba mpya tu, wakaja, wa huku na wa huko, wakaanza kuiruka. Kufika alasiri mama zao waliokuja kuwakemea walikuwa wameketi.

Mengine yalifuata kama uzi. Jumbe na mnyapara wa kambi walikubaliana kisima kichimbuliwe, kirudi kina chake cha zamani. Wanaume waliacha mapanga, wakashika majembe na kamba. Petro aliingia shimoni, na Athumani, kwa kuwa hawezi kuchimba, akafanywa msimamizi. Hakuwa amepata kusimamia mtu maishani, akaifurahia kazi kupita kiasi. Maji yalipochomoza, Petro alipiga yowe, na lile pengo likafanya yowe litoke kama filimbi. Athumani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaunyosha mkono wake mzima kumvuta juu. Yohana alipona. Sasa ni jitu, hapiti mlangoni bila kuinama.

Jumapili iliyofuata watu walimwuliza baba kama unabii umetimia. Akasema hapana, ufalme wa Mungu si kisima cha Kigombe. Ukanong'ona, kanisa zima likasikia: "Sikusema tumekula. Nasema tumeonjeshwa. Na ukionjeshwa mchuzi, wajua jikoni moto unawaka."

Mama, maneno hayo ndiyo ninayoishi nayo hapa Nguvumali. Siku hizi mji wote wazungumzia uhuru, na waumini wengine waniuliza kama hizo ndizo nyakati zilizotabiriwa. Nawaambia mimi siyajui majira ya Mungu. Najua tu kwamba anayeiamini amani ijayo hawezi leo kumnyima jirani maji. Kungoja kwetu kuna jasho. Nisingekuwa na hakika kwamba Bwana ataleta yote, ningechoka mapema. Na kwa kuwa nina hakika, naamka, nampelekea uji mgonjwa wa nyumba ya pili, napatanisha wanaogombea kamba ya kuanikia nguo. Nacheka mwenyewe nikiona ninavyofanana nawe.

Juzi niliwasimulia watoto wa darasa langu kanisani habari hii yote. Binti mmoja mdogo akainua mkono. "Mwalimu, siku hiyo ya Mungu, Bi Mwanakombo atakuwapo? Yeye si aliswali msikitini?"

Nikasema, "Mwanangu, rehema za Mungu si zangu kuzipima. Ila mama yangu namjua. Akitazama huku na huku asimwone, atamwendea Bwana mwenyewe kumuuliza."

Wakacheka wote, mama. Nami nikacheka, nikageukia ubao nijifute machozi.

Lala kwa amani hadi tuitwe.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Naomi